Petroli Iliyokauka Eda Nzima

Woodley,
Nairobi.
6 Juni 1971

Mpendwa wifi Mwanasiti,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Maskati, na joto lenu mnalivumiliaje? Sisi hapa baridi imetuingia mifupani. Watoto hawajambo, mimi afya ninayo, ila moyo ndio haujapona.

Eda yangu imekwisha, alhamdulillahi. Siku ya kwanza ya kutoka nje nilitaka kitu kimoja tu: kuliona kaburi la kakako na kumfikishia salamu zako kama ulivyoniomba. Si unajua nilibaki ndani wanaume walipokwenda kumzika.

Lile gari letu la Pijo likakataa kuwaka. Marehemu Abdalla alikuwa akisafisha kabureta kila mwanzo wa mwezi, majirani wakimcheka kwamba anaiogesha kama mtoto mchanga. Eda nzima hakuna aliyeigusa, petroli ikakauka humo ndani ikawa utando kama gundi.

Jirani yetu Haron, karani, mtu mwema lakini akishika spana ni balaa, akaifungua. "Mama Mgeni," akaniambia, "leta pini tuchokore hii shimo." Nilimpigia kelele, wifi! Abdalla hakuruhusu pini kabisa, alisema inapanua vitundu na gari linakunywa petroli ovyo. Yeye alitumia unyoya wa kuku, kisha akapuliza kwa mdomo. Mimi kazi yangu miaka yote ilikuwa kumshikia bakuli.

Basi nikaiosha mwenyewe kwa petroli safi, nikapuliza. Haya nakwambia wewe tu: ile ladha ilinimaliza. Ndivyo ilivyokuwa midomo yake kila mwanzo wa mwezi, nami nilikuwa nikimsukuma nikimwambia akanawe. Nililia pale pale juu ya bakuli. Haron akajifanya anatafuta spana.

Tulipoirudisha, gari likawaka mara moja. Nikageuka mbio kuelekea mlangoni kumwita Abdalla aje asikie.

Haron na mkewe Nyokabi wakanipeleka makaburini. Nilimsomea Fatiha, nikampa salamu zako. Nilikuwa nimejiwekea maneno mengi eda nzima, yote yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba gari limewaka.

Nisalimie sana shemeji Mabruki na watoto. Mungu akutunze huko ugenini, na kakako amlaze pema.

Ni mimi wifi yako akupendaye, na bado mke wa kakako,
Saleha