Vidonge Kwenye Pumba

Nyololo, 4 Machi 2024

Shikamoo mama mdogo,

Nimeiba vidonge vya mama vya uzazi wa mpango nikamlisha bata mzinga. Sijamwambia mtu mwingine. Simu ni ya mama, ndiyo maana naandika. Sisi tu wazima, natumaini nanyi Mbeya hamjambo.

Bata jike ameng'ang'ania kiota kitupu wiki tatu, hatagi, hali. Baba akasema asipotaga atachinjwa Pasaka. Shuleni tulisoma kwamba kuatamia ni kazi ya homoni, nikadhani vidonge vitazituliza. Nikasaga paketi nzima kwenye pumba. Bado ameatamia.

Mama alitafuta mpaka chini ya godoro. Aliponiuliza nikasema, "Labda panya." Zahanati wamemwambia vimeisha, arudi mwezi ujao. Naogopa. Alipomzaa mdogo wangu Nashoni, daktari alisema mimba nyingine inaweza kumuua.

Mwanao,
Yusta

Mbeya, 9 Machi 2024

Marahaba mwanangu,

Hapa dukani tunauza vyakula vya mifugo kama kawaida, afya ipo. Barua yako imenitoa jasho.

Bata hahitaji vidonge. Mmemlisha pumba tupu. Bila dagaa, mashudu na chokaa mwili wake hauna cha kutengenezea yai. Na akishaatamia, homoni zenyewe humpunguzia hamu ya kula. Mtoe kiotani, mweke penye mwanga, mpe chakula kamili na maji. Asichinjwe sasa, na mayai yake msiyale kwanza, maana amekula vidonge.

Mama yako mwambie leo. Paketi nyingine ya vidonge imo humu bahashani. Asimeze kabla muuguzi hajampima.

Mama yako mdogo,
Faustina

Nyololo, 28 Aprili 2024

Shikamoo mama mdogo,

Nisamehe kwa kimya. Bata ametaga mayai kumi na moja. Bahasha yako niliificha wiki sita, kila siku nikisema kesho.

Jumatatu mama alitapika uji. Ndipo nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo aliyepangiwa uzazi ni bata." Akacheka kidogo, akashika tumbo, akaacha kucheka.

Muuguzi amesema ni mimba ya miezi miwili. Keshokutwa nampeleka hospitali ya mkoa, Iringa, madaktari waseme la kufanya. Baba anadhani tunakwenda kutibu malaria. Vidonge hakuvijua kamwe. Yeye husema uzazi tumwachie Mungu.

Baba akikupigia, mama mdogo, usimwambie. Mama ameniomba, nami nakuomba.

Mwanao,
Yusta