Kitufe cha Ayuma

Jumatatu, 9 Juni

Nimefagia darasa, nimemfunga Ayuma mkanda wa kiti chake, nimepoza uji. Kisha roboti. Tumeiazima kutoka chuo kikuu. Watoto wanaiita Ingokho, maana hutembea na kusimama kama kuku. Unafinya rimoti, inaenda kwenye picha sakafuni: nyumba, soko, kanisa. Vitufe vyenyewe ni vidogo kama punje za mahindi. Ayuma ana miaka kumi, akili kali kuliko yangu, na mikono isiyomtii. Vidole vimepita juu ya vitufe asubuhi nzima. Aliyeunda kitu hiki hakumfikiria. Nina hasira.

Jumanne, 10 Juni

Mhadhiri mwenye roboti amepiga simu. Anakuja Ijumaa. Watoto wakishindwa kuiendesha wenyewe, inahamishiwa shule nyingine. Nikaogopa. Nikaushika mkono wa Ayuma, nikafinya kwa kidole chake. Ingokho ikafika sokoni. Makofi. Nikapiga video, nikaituma kwa mhadhiri.

Ayuma hakucheka. Maneno yake huja polepole.

"Ticha, ni wewe umefinya."

Jumatano, 11 Juni

Amekataa kuigusa. Amegeukia ukuta. Ninastahili. Miaka kumi na minane nawalisha watoto hawa, nawafunga vifungo, nawamalizia sentensi. Kumbe haraka yangu ndiyo niliyokuwa nikiiita huruma.

Jioni nimepita kwa Mzee Shikuku, fundi wa viatu hapa Amalemba. Hakuuliza roboti ni nini. Aliuliza mkono wa mtoto hufunguka kiasi gani. Sikujua. Nimeona haya.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee amekuja na mkoba wake. Alipiga goti mbele ya Ayuma, akaomba ruhusa, akaupima mkono kwa uzi kama anayepima mguu.

"Huyu anatumianga ngumi," akaniambia. "Tumpe kitu ya ngumi."

Ametengeneza kibao cha kufunika rimoti. Juu, vipande vitatu vya mpira wa tairi, vipana kama visahani. Chini ya kila kimoja, kijiti kinachogusa kitufe. Mara ya kwanza kilikuwa kigumu. Akachonga. Ayuma akapiga, Ingokho ikagonga ukuta. Alicheka mpaka mate yakamtoka.

Tatizo limebaki moja: mimi. Anachukua muda, na mikono yangu inawasha.

Ijumaa, 13 Juni

Kabla mhadhiri hajaketi nimemwambia: video ile ni ya uongo, mkono ulikuwa wangu. Ameandika kitu daftarini. Akamwomba Ayuma aipeleke Ingokho kanisani.

Ayuma akainua ngumi. Ikaenda pembeni, ikarudi. Mhadhiri akatazama saa. Nikaikalia mikono yangu, kweli kabisa, mpaka ikafa ganzi. Ayuma akapiga. Mbele. Kushoto. Ingokho ikalipita kanisa. Mhadhiri akaandika tena. Ikapinda kulia, ikaja kusimama kwenye kiatu changu.

Mhadhiri akamwonyesha kanisa kwa upole.

"Najua," Ayuma akasema. Tukangoja. "Nimeituma kwa ticha."

Mhadhiri akafunga daftari. Ameomba kukipima kibao cha Mzee. Ingokho inabaki.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua kidogo. Nimefagia. Ayuma amejifunga mkanda mwenyewe. Imechukua muda mrefu. Uji umepoa kabisa. Tumeunywa hivyo hivyo.