Ukungu wa Erice na Jina la Baba

Auderghem, Brussels
Jumanne jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, magoti na yote, na naomba Mungu barua hii ikukute umekaa juani mbele ya mlango, si kitandani. Kifua kimepungua? Ile dawa ya kupaka unaitumia, au umeigawa kwa majirani kama ile ya mwaka jana? Na mvua je, zimeanza huko Lushoto?

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu mtandao unakatika, Shabani anasimama nyuma yako akitaka kuniona, nami naishia kusema "salama tu." Leo nina maneno ambayo hayaishii hapo. Dada mmoja wa Korogwe anasafiri wiki hii, nimempa akuletee mkononi.

Mama, nimetembea. Siku tatu, peke yangu, wala si kwa kazi.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo bibi mmoja wa Kibelgiji, Madame Odile, aliyefundisha shule Bukavu enzi za ujana wake. Kiswahili chake ni cha Kongo. Siku moja namvisha soksi, nikamwambia nimebakiwa na siku za likizo za mwaka jana na zinataka kupotea bure. Akanitazama. "We Zaina, uko muntu ya mulima. Juu ya nini unakaa tu huku chini? Bon, enda uone mulima, utarudia na kunielezea."

Nilicheka, ila maneno yake yalinikaa. Tangu nije huku, kilima kirefu kuliko vyote nilivyopanda ni ngazi za kituo cha metro. Nikatafuta, nikauona mji unaoitwa Erice, kule Sisilia, kusini kabisa mwa Italia. Mji wa kale wa mawe, umejengwa juu kileleni, na bahari iko chini yake. Nikakata tiketi kabla sijapata muda wa kuogopa.

Unapanda huko kwa kigari kidogo kinachoning'inia kwenye waya. Nilisoma Ayatul Kursiy mara tatu. Katikati ya njia tukaingia ndani ya wingu, na nilipofika juu sikuona hata viatu vyangu. Ukungu, mama! Ukungu kama wa kwetu, unaoingia mpaka kwenye nywele, una harufu ya misonobari na moshi wa kuni. Nilisimama pale na sanduku langu kama mtu aliyeitwa ilhali mwenyewe hajui nani kamwita. Kisha mji ukaanza kutokea kipande kipande: lango la mawe, mnara wa kanisa, ukuta mrefu ambao mwisho wake sikuuona. Mitaa mingine ni myembamba hivi kwamba nikinyoosha mikono nagusa nyumba mbili. Mawe ya chini yamelainishwa na nyayo za watu hadi yanang'aa. Niliweka kiganja ukutani nikawaza waliobeba mawe yale mpaka juu mlimani, karne zote hizo zilizopita, bila mashine. Nilijikuta natembea taratibu kama niko msikitini.

Lakini tumbo halijui maajabu. Tangu alfajiri sikuwa nimekula, na kila nilikochungulia nilikuta nguruwe: kwenye mkate, kwenye supu, hata kwenye maharage. Nilikuwa nimeshajiandaa kulala na biskuti, ndipo kwenye kichochoro nyuma ya kanisa nikaona kibao kilichoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Nikakisoma herufi moja moja kama mtoto wa madrasa: halali.

Ndani mlikuwa na meza sita. Mwenye mgahawa ni mama mtu mzima wa Tunisia, Latifa, na anayepika ni mumewe, Habib. Tuliongea Kifaransa. Aliniletea kuskusi, zile chembe za ngano za mvuke, na nyama ya kondoo juu yake, na hakuondoka. Alivuta kiti.

"Kula, binti yangu. Umetoka wapi?"

"Brussels. Lakini kwetu ni Tanzania."

"Mbali sana. Wazazi wapo?"

"Mama yupo," nikasema. "Baba..."

Mama, sasa nisikufiche. Siku baba alipozikwa nilikwambia nimelia mpaka macho yamevimba. Sikulia. Makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, ningeondoka nisingeweza kurudi, basi nikavaa sare nikaenda kazini. Niliwalisha wazee, nikawaogesha, nikacheka nao. Nikajiona sina moyo. Tangu hapo, miaka miwili, jina lake nimeliandika kwenye fomu tu, sikulitamka kama jina la mtu. Ndiyo maana kila ulipoanza kunisimulia habari zake nilisema simu inaisha chaji. Chaji ilikuwa imejaa.

Latifa akaniuliza polepole, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Zuberi."

Nililia kwa sauti ambayo mwenyewe sikuijua. Latifa hakuniambia nyamaza. Alivua aproni, akamwita mumewe, na Habib akatoka jikoni akifuta mikono. "Baba yake amefariki, anaitwa Zuberi," mkewe akamwambia. Yule mzee hakuuliza zaidi. Aliinua mikono, nasi tukainua, tukamsomea baba Fatiha. Mama, watu ambao saa moja kabla hatukuwa tunajuana! Kwenye meza ya jirani walikuwepo Waitaliano wawili, mume na mke. Waliweka uma chini, wakatulia mpaka tulipomaliza. Chakula kilikuwa kimepoa. Latifa alikipasha moto na nikala chote, hata mchuzi nikaufuta kwa mkate.

Nilipoaga akaniambia, "Upepo umegeuka. Kesho asubuhi njoo mapema, nitakupeleka mahali."

Asubuhi ukungu ulikuwa umefagiliwa wote. Nilimkuta mlangoni ameshajifunga shali. Tukaharakisha hadi kwenye ngome ya kale iliyosimama ukingoni mwa jabali. Nikatazama chini, nikashika ukuta. Bahari yote iko wazi, visiwa vimelala juu yake, na ufukweni mashamba ya chumvi yanamulika kama vioo vilivyoanikwa. Ndege walikuwa wanaruka chini yetu, nawaona migongo.

"Usitazame chini. Tazama kule," Latifa akasema, akinyoosha kidole kusini magharibi.

Niliona mstari mwembamba, rangi ya moshi, mwisho wa maji. Nikadhani ni wingu. Nikangoja lisogee. Halikusogea.

"Ni Afrika," akasema. "Huonekana siku chache tu kwa mwaka. Pale ni kwetu. Na kwenu pia, ukiendelea mbele."

Nimeiona, mama, kwa macho haya, nimesimama Ulaya. Nilisema Subhanallah nikairudia, mpaka Latifa akanishika mkono maana nilikuwa nausogelea ukingo. Mimi nikifikiria kwetu huwa naona viwanja vya ndege, foleni na mihuri. Kumbe ni nchi, ipo pale pale, na jicho linafika.

Na lingine nililokuficha: kadi ya ukaazi niliipata tangu mwaka jana. Ningeweza kuja. Niliogopa kuingia nyumbani nikute pale baba alipokuwa akikaa hapana mtu. Unisamehe. Jana nimeomba likizo ya mwaka huu, wameikubali, nakuja mwezi wa saba.

Nisalimie mdogo wangu Shabani, na mkewe, wifi yangu Rehema, ambaye najua ndiye anayekuchemshia maji ya kuoga. Mjomba Hassani mwambie miwani yake nimeipata. Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, msomee barua hii yote, usiruke palipoandikwa kwamba sikulia.

Nikifika usiniandalie chakula kwanza. Nishike mkono unipeleke alipolala baba, kisha turudi ndani unisimulie siku zake za mwisho, nami nitakaa nisikilize mpaka wewe mwenyewe uchoke.

Mwanao akupendaye,
Zaina