Mzaramo Anatafuta Mashindano

Jumamosi, 4 Mei 1968

Wiki ya pili Tabora. Nimepanga chumba Gongoni kwa Bi Mwanne, mjane anayeuza maandazi. Chumba safi, ila mdomo wake haupumziki. Nimeitundika raketi kwenye msumari, akauliza ni chujio la nini.

Sikuletwa hapa na kazi. Nimeletwa na Bwana Kasimiri, mkuu wangu wa ofisi Dar, niliyemfunga seti mbili bila jibu mbele ya mke wake. Mwezi haukuisha, nikaambiwa bohari ya Tabora inahitaji karani. Haya! Kila Agosti kuna mashindano ya tenisi ya ridhaa kule Dar, na Kasimiri hakosi. Mtu wa mikoani haingii mpaka ashinde kwanza kwao. Kwetu sasa ni huku. Kwa hiyo natafuta mashindano. Nitamfunga tena, na safari hii mama mkwe wake naye awepo.

Jumapili, 12 Mei

Nimezunguka mji mzima na jua lote hili. Kiwanja cha kwanza wameanika mpunga. Cha pili, misheni — padri mmoja anapiga mpira ukutani peke yake. Anasema mashindano waliondoka nayo Waingereza, lakini ukuta naruhusiwa kuutumia. Nikaenda kuuliza kwenye tawi la chama. Mzee wa pale akaniuliza kama Azimio la Arusha nimelisikia au nilikuwa nimelala. Tenisi, anasema, ni mchezo wa makabaila. Nikamwonyesha raketi yangu, kuukuu, nyuzi zimeungwaungwa. Akasema hata makabaila wana vitu vikuukuu.

Mji huu haunitaki. Na mimi siutaki.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekipata! Kiwanja cha udongo wa kichuguu, umeshindiliwa mpaka mpira unadunda vizuri kuliko kule Dar. Wanacheza makarani, walimu, wauguzi. Na mashindano yapo — Saba Saba, mshindi anakwenda Dar.

Katibu wao anaitwa Lukumani. Fundi cherehani, Mnyamwezi wa hapa hapa mjini, mrefu, ana sauti ya kunadi mnadani. Alijifunza kwa kuwaokotea Wazungu mipira. Kaniuliza kabila. Nikasema Mzaramo. Akanipokonya raketi mkononi! Watu wakaangua kicheko. Anasema babu zangu walimtoza babu yake hongo ya njia kila msafara ulipopita Uzaramo, pembe za ndovu zikaisha kabla hazijafika pwani. Sasa na mimi nilipe: jogoo mmoja. Nilidhani ni mzaha wa dakika mbili. Ameondoka na raketi yangu kwa baiskeli.

Jumapili, 19 Mei

Nimemweleza Bi Mwanne. Kacheka mpaka kakaa chini. "Mwanangu, huyo si mtani wako? Mzaramo na Mnyamwezi hawakasirikiani. Ukinuna, wewe ndiye huna adabu."

Utani naujua, lakini mimi nimekulia Kariakoo. Kwetu hayo yalikuwa mambo ya wazee. Mtu akichukua kitu chako ni mwizi, awe kabila lolote. Jogoo nimepeleka, raketi nimerudishiwa. Lukumani kamgeuzageuza, kasema amekonda kama aliyemleta.

Jumatatu, 10 Juni

Jina langu bado halijaandikwa kwenye mashindano. Kila nikiuliza, Lukumani anasema Mzaramo mchezo wake ni bao, tenisi inataka watu wenye miguu. Wenzake wanacheka. Na mimi nacheka — meno tu.

Jumapili, 16 Juni

Hili silisahau mpaka naingia kaburini!

Lukumani aliniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba kuna mashindano madogo Tura, na anayeshinda kule anaingia Saba Saba moja kwa moja. Nikapanda treni. Raketi, kaptula nyeupe, viatu nimevipaka chokaa. Nikashuka Tura. Stesheni, mbuzi, na akina mama wanauza asali. Mkuu wa stesheni hajui tenisi ni mdudu gani. Nimelala kwenye benchi nikingoja treni ya kurudi, na baridi hii ya Juni.

Narudi Tabora, na Lukumani huyo stesheni, pamoja na nusu ya klabu, wanapiga makofi. Bingwa wa Tura! Karibu Bingwa wa Tura! Akataka kunibeba begani.

Bi Mwanne aseme atakavyo. Huyu ni adui aliyejificha ndani ya utani. Namchukia. Namchukia kuliko Kasimiri, maana Kasimiri hakunitaka nicheke.

Jumanne, 2 Julai

Nimeandikwa. Kaniandika Damas, mwalimu kutoka Kigwa, Mnyamwezi pia lakini mtu wa maneno machache. Kura ikapigwa ya nani acheze na nani. Jumapili saa kumi alasiri, mimi na — Lukumani! Akacheza ngoma pale pale. Anasema atanifunga kwa mkono mmoja, na mwingine utakuwa unashona suruali. Sawa. Nimeona mipira ya chini kushoto kwake haiwezi. Nitampelekea hiyo mpaka apige magoti.

Ijumaa, 5 Julai

Mazoezi ukutani kwa padri. Mkono umekubali. Bi Mwanne anasema nasaga meno usingizini.

Jumapili, 7 Julai

Naandika haraka. Baba yake Lukumani amefariki alfajiri. Kumbe mzee alikuwa anaumwa tangu Ramadhani. Sikujua. Muda wote huo wa makelele yake, Lukumani hakuonyesha hata siku moja. Maziko ni leo, baada ya sala ya alasiri.

Nitasema ukweli maana hakuna anayesoma hapa: nilifurahi. Hatafika kiwanjani. Mashindano hayaahirishwi, mgeni rasmi yuko njiani. Kinachotakiwa ni mimi kusimama pale saa kumi, basi, nimeshinda. Nisipofika, sote wawili tumetoka. Nikavaa nyeupe zangu, nikakaza kamba za viatu.

Ndipo Damas akabisha hodi, ameshika jembe.

"Kaburi halijaanza kuchimbwa," kasema. "Watu wapo, wamekaa tu. Lukumani amekataa. Anasema jembe la kwanza hupigwa na mtani, na mtani ni Mzaramo wake."

Nikauliza kama Tabora nzima haina Mzaramo mwingine. Kasema wapo, tena wamejaa huko stesheni. "Tumemtajia. Anasema wale hajawahi kuwapeleka Tura."

Kitu kikanipanda kichwani. Hasira — naapa ni hasira! Miezi yote hii nimetukanwa, nimenyang'anywa, nimelala na mbuzi, na leo siku yangu yenyewe naye anaitaka. Nikapiga kelele mpaka Bi Mwanne akatoka jikoni. Kamwambie Lukumani baba yake ni mwoga! Amesikia mwanawe anakwenda kufungwa na Mzaramo, akaona heri afe!

Nikajua nimemtukana marehemu, mlangoni mwa watu, mchana kweupe. Nikangoja Damas anipige lile jembe.

Damas kacheka. Kacheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko kikaisha, machozi hayakuisha. "Ahsante, mtani," kasema. "Msibani mtani ndiye wa kutuchekesha. Hilo ndilo analolingoja tangu asubuhi." Akaegemeza jembe kwenye mlango wangu, akakimbia kwenda kuwaambia nakuja.

Sikuwa natania. Hata kidogo. Lakini nitamwambia nani sasa? Saa nane imepita. Bi Mwanne amesimama uani, amekwishajifunga kanga ya msibani, ananiuliza hivi viatu vyeupe nakwenda navyo makaburini au navua.