Nilimfichia Mke Wangu Vidonge Nijue Dawa Ipi Inamsaidia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, kichwa kimevurugika na sijui nianzie wapi. Mke wangu Ok-rye ana ugonjwa wa Parkinson mwaka wa nne sasa, daktari wa hospitali alimpa vidonge mara tatu kwa siku, akapata nafuu lakini mkono ukawa bado unatetemeka na usingizi hapati, basi dada yake akampeleka kwa tabibu wa tiba ya asili hapa Jecheon, akawa anachomwa sindano nyembamba zisizo na dawa na kunywa mizizi iliyochemshwa, na mwezi wa pili wa tiba hiyo akalala vizuri, akakata figili kwa mkono wake, na mimi badala ya kushukuru nikaanza kujiuliza, kilichomsaidia ni kipi? Daktari anasema vidonge, ingawa ile mizizi hatujamwambia, tunaogopa atafoka. Shemeji anasema sindano. Tabibu anasema vyote. Mimi nimekagua vipuri kiwandani miaka thelathini, jambo lisilo na jibu linaniwasha, basi nikatoa kidonge cha mchana nikaweka vitamini inayofanana nacho, kisha na cha jioni, siku tisa, mke wangu hajui.

Siku ya tisa akakwama mlangoni mwa bafu. "Baba Hye-won, miguu imegoma! Nishike!" Nikamshika. Jana nimemsikia akimwambia dada yake, "Njoo uchukue mitungi yangu ya maharage, mwaka huu siumalizi." Nivirudishe vidonge vyote kwa mpigo? Nimwambie? Na mbona bado sijui ni dawa ipi?

Tak Byeong-ho

Bwana Tak, nilikupigia simu mara tu nilipoisoma barua yako, maana vidonge hivyo havingoji gazeti. Afadhali ulimpigia daktari papo hapo, akakuelekeza namna ya kuvirudisha. Dawa hizo hazikatwi ghafla, kufanya hivyo kunaweza kumuua mtu.

Sasa nikugombeze. Mkeo si kipuri! Naelewa, kuuguza bila kujua kunachosha akili. Lakini ulichofanya ni wizi, na jibu hukulipata. Huenda vidonge ndivyo vinavyoendesha miguu na sindano zinamletea usingizi, huenda sivyo, mimi sijui. Waulizwe wanaojua, nao hawawezi kujibu ikiwa mmoja hajui mwenzake anatoa nini. Alhamisi nendeni hospitali na orodha ya mizizi yote, iliyoandikwa na tabibu mwenyewe. Daktari akifoka, na afoke. Kisha mpelekeeni tabibu majina ya vidonge. Kisanduku cha dawa ajaze shemeji yako, wewe usikiguse.

Lakini kabla ya hayo yote, leo hii, maana kwenye simu ulisema bado hujathubutu, kaa sakafuni mbele ya mkeo umwambie: "Mama Hye-won, ugonjwa haukuzidi. Ni mimi niliyekufichia vidonge." Usianze na sababu zako. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, toka, ukae nje ya mlango. Anaamini anakufa, bwana Tak, na humo nyumbani ni wewe peke yako unayejua kwamba sivyo. Kunja gazeti, nenda.