Tangu Wakuru Aje

Jumatatu, 2 Juni 1975
Nimechuma pamba mpaka mgongo umekataa. Wakuru kabaki nyumbani, eti jua kali. Mke mdogo. Mume wetu Marwa kamletea kitenge kutoka Bunda. Mimi niliyemzalia mabinti na kuwaoza, kipande cha sabuni. Namchukia huyu msichana. Anacheka sana.

Alhamisi, 5 Juni
Wamekula pamoja barazani. Mimi sijawahi kula na mume wangu. Nimekula jikoni, na wivu wangu.
Zuri ni moja tu. Tangu Wakuru aje, sijaguswa na fimbo. Zamani ugali ukiungua nilikuwaga napigwa. Nilikuwa mzembe.

Jumapili, 8 Juni
Wakuru hakuja kanisani. Kasema jino. Shavu limevimba, na kuna alama za vidole. Nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi.

Jumanne, 10 Juni
Mchana Marwa kampiga uani, mimi naona. Kosa lake: kamsalimia mpimaji wa pamba. "Wewe ndiye unayenitia hasira!" Maneno yale yale aliyokuwaga ananiambia mimi.
Wakuru ni mdogo, mzuri, anapendwa. Ugali wake hauungui. Na anapigwa.
Basi haikuwa ugali. Haikuwa mimi.
Miaka yote ile nilipigwa bure.

Jumatano, 11 Juni
Mkono wake ulikuwa umevimba. Nimempeleka zahanati. Kamwambia nesi ameanguka. Nesi akanitazama mimi.
Nikasema, "Ni mume wetu. Hata mimi alikuwaga ananipiga."
Sijawahi kumwambia mtu. Nesi hakushangaa. "Si kosa lenu, mama. Mna pa kwenda?"
Nina mdogo wangu Musoma, mtaa wa Iringo. Nesi katupeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akaanza na mambo ya nyumbani hayaingiliwi. Nesi akagoma kuondoka mpaka alipokubali kuwaita wazee wa ukoo wa Marwa na kutupandisha lori la pamba liendalo Musoma.
Juu ya magunia Wakuru kaniambia, "Mama Nyangeta, nilidhani unafurahi nikipigwa."
Nikamsogezea gunia aegemeze mkono.

Ijumaa, 20 Juni
Wazee wamefika Iringo na Marwa. Wanataka turudi. Wakuru kasema harudi. Nikasema na mimi sirudi. Sauti ilitoka.
Marwa akapayuka, "Huyu mkubwa ndiye kamharibu mwenzake!" Wazee wakamnyamazisha.
Baba yake Wakuru alikuja pia. Kasema ng'ombe za mahari atarudisha, mwanawe hauawi. Wivu ukanichoma pale pale. Baba yangu mimi, nilipomkimbilia zamani, alinirudisha kwa Marwa, damu bado inanitoka puani. Jioni wazee wakaondoka na Marwa, sisi tukabaki.

Jumapili, 29 Juni
Tumeanika dagaa. Mkono wa Wakuru unapona, anageuza kwa mikono yote miwili. Wanunuzi wanadhani ni binti yangu. Hatukuwasahihisha.
Upepo wa ziwa ni mwingi leo. Mchana nimelala kidogo, mlango wazi.