Mdalasini Wenye Asali

Mume wangu,

Maharage yapo kwenye sufuria, yapashe tu. Funga gesi. Anua nguo kabla ya mvua.

Nimeenda kliniki. ~~Usinifuate.~~

Tangu waseme nina kisukari cha mimba, wiki tatu najitoboa kidole kila asubuhi, na sukari inapanda tu. Soda nimeacha, wali naonja, kila tonge naliandika kwenye daftari. Juzi muuguzi alilisoma akaniambia, "Mama, andika na unavyokula kwa siri." Nilirudi nikakulilia. Ukanifuta machozi, ukanyamaza!

Leo nimeamka mapema, nikamkuta mama yako jikoni anakoroga asali kwenye maziwa yangu. Vijiko viwili. Hata hakushtuka. "Umekonda, mwanangu, na mtoto anahitaji nguvu. Kwani mumeo hajakwambia? Si ndiye anayeniletea?"

Mama simlaumu, kwake asali ni dawa. Lakini wewe nilikuuliza mbona maziwa matamu, ukanijibu, macho makavu, "Ni mdalasini." Uliogopa kumkatalia mama yako, ukaona afadhali unidanganye mimi.

Saa nne daktari anaamua kama nianze sindano, kwa vipimo hivyo hivyo vya asali yenu. Kwa hiyo njoo. Daftari nimekuachia hapa pamoja na kalamu. Jaza mwenyewe hizo wiki tatu, kwa mwandiko wako, kisha umsomee muuguzi kwa sauti, nami nikiwa nimekaa hapo.

Mkeo, yule mwongo